Kabla fundi hajapiga msasa

Mtu anayepaka rangi mpya juu ya picha ya zamani mara nyingi anaihifadhi bila kujua. Anayeiua ni yule aliyemtangulia akiwa na msasa, au tindo na nyundo, akiandaa ukuta ili rangi mpya ishike. Kazi yangu ni kuchora kuta hapa Mwanza, zaidi kwenye viwanja vya watoto na hoteli za ufukweni kuanzia Capri Point hadi Ilemela, na miaka ya karibuni naitwa pia kufunua picha zilizofunikwa. Watu wakizungumzia sanaa inayopotea bustani za burudani zinapokarabatiwa, lawama humwendea mwenye bustani na ladha yake. Mimi kwanza naulizia ratiba ya mafundi. Humo ndimo ninamojua kama picha itapona.

Tuanze na ukuta wenyewe. Picha nyingi za viwanja vya watoto hapa kwetu zimechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya plasta ya saruji, rangi ile ile ya kung'aa inayopakwa kwenye milango na mageti. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za jamii hiyo, za kupaka baiskeli, juu ya vibao, na wachoraji wengi wa nchi hii wamelelewa na rangi hizo. Rangi ya mafuta ikikauka inakuwa utando mgumu na laini. Ukipaka rangi ya maji juu yake haishiki vizuri, na mvua za masika zikipita itaanza kubanduka. Fundi anayeijua kazi yake hawezi kukubali hilo, kwa hiyo anasugua kwa msasa mpaka mng'ao wote uishe. Sasa, picha yote iko kwenye unene wa utando huo huo. Mng'ao ukiisha, sura ya mtoto aliyechorwa pale nayo imekwisha. Fundi mzembe angepaka chokaa moja kwa moja, mteja angelalamika kabla ya mwaka kwisha, lakini picha ingekaa chini ya chokaa ikisubiri maji na sponji. Ndiyo maana mara nyingi picha nilizozikuta salama zilikuwa chini ya kazi mbaya, na zilizoharibika kabisa zilikuwa chini ya kazi nzuri.

Puti na plasta mpya ni balaa jingine. Ili zing'ang'anie, ukuta hudonolewa kwa nyundo, mamia ya matundu kutoka juu hadi chini. Hata ukija kuiondoa plasta baadaye, unakuta picha yenye ndui. Vigae vinaungana na ukuta kwa gundi ya saruji, na vikibanduliwa vinatoka na rangi pamoja na plasta iliyo chini yake.

Mfano ninaoupenda wa rangi iliyolinda rangi ni bembea inayozunguka ya farasi wa mbao, iliyotengenezwa na kampuni ya Philadelphia Toboggan mwaka 1922 kwa ajili ya bustani ya Idora, Youngstown, Marekani. Farasi wake 48 walipakwa upya mara nyingi, kama ilivyo desturi ya bustani zote: msimu unakuja, rangi imechujuka, mfanyakazi anapewa kopo na brashi anapita juu ya kila kitu. Mwaka 1984 moto uliunguza sehemu ya bustani, mwaka huo huo vifaa vikauzwa kwa mnada, na bembea ikanunuliwa na Jane Walentas na mumewe. Jane alitumia miaka mingi kukwangua rangi hizo tabaka kwa tabaka kwa kisu kidogo cha ofisini, mpaka akafikia rangi za mwanzo: vipambo vya matandiko, mistari membamba ya hatamu, vivuli ambavyo hakuna aliyekuwa hai aliyekumbuka kama vilikuwepo. Alipiga picha, akachora, akalinganisha rangi, ndipo farasi wakapakwa upya kwa kufuata kumbukumbu hizo. Bembea ilifunguliwa Brooklyn mwaka 2011. Rangi zilizopakwa bila kusuguliwa sana ndizo zilizomwachia kitu cha kufuata.

Linganisha na kuta za Mary Blair, mchoraji wa kampuni ya Disney. Mwaka 1967, kwenye bustani ya burudani ya Disneyland, California, zilizinduliwa picha zake mbili ndefu za vigae, zikitazamana kwenye njia ya kuingilia Tomorrowland, mojawapo ya maeneo ya bustani hiyo: watoto wa mataifa mbalimbali wakicheza na kuimba, kwa rangi ambazo hakuna mchoraji mwingine wa enzi ile angethubutu kuziweka pamoja. Katika miaka ya 1980 moja ilitoweka machoni pa watu ili kupisha mchezo wa Star Tours. Ya pili ilifunikwa mwaka 1998 eneo lote lilipobuniwa upya. Blair alikuwa amefariki mwaka 1978, hakuwepo wa kusema neno kwa jina lake. Picha yake nyingine, ya mwaka 1971, ipo mpaka leo kwenye hoteli ya Contemporary, Florida: vigae 18,000 hivi, kimo cha futi 90, na mbuzi mmoja mwenye miguu mitano. Kwa maoni yangu haikupona kwa kupendwa zaidi. Imezungushwa kwenye nguzo kuu ya lifti katikati ya jengo, na hakuna biashara nyingine inayoutaka ukuta ule. Za Tomorrowland zilikuwa kwenye sura ya majengo yenye michezo, na mchezo ukibadilika, sura hubadilika nao. Nikiulizwa na kijana anayeanza kazi hii achore wapi, namwambia aepuke ukuta ulio jirani na kitu kitakachobadilishwa: kaunta ya tiketi, mlango wa duka, kibanda cha chipsi.

Jua nalo halina huruma, hasa kwetu huku karibu na ikweta. Nyekundu na njano nyingi za kopo, zile kali zinazowavutia watoto, huchujuka kabla ya bluu, ndiyo maana picha za zamani za ufukweni zinaonekana kana kwamba zilichorwa usiku. Nyekundu ya udongo, yaani oksidi ya chuma, ndiyo haiogopi jua. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, imechorwa kwa wingi kwa jamii ya rangi hiyo. Kinyume chake ni rangi zinazong'aa chini ya taa za zambarau kwenye nyumba za vitisho. Hizo hufa haraka kuliko zote. Bill Tracy, Mmarekani aliyebuni nyumba za vitisho kwa bustani nyingi ndogo za nchi yake hadi alipofariki mwaka 1974, alizitegemea sana, na kazi zake zilizosalia zinahesabika. Kila rangi zilipofifia, palipakwa upya na mkono mwingine usioujua mchoro wa kwanza. Kwa hiyo hata pale jengo lilipobaki, mkono wa Tracy mwenyewe unaweza kuwa umetoweka zamani na hakuna aliyegundua siku ulipoondoka. Upotevu wa namna hii unaniumiza kuliko wa tindo, kwa sababu hauna tarehe.

Sheria inasaidia kidogo. Marekani wana sheria ya mwaka 1990 inayolinda kazi za wachoraji, na mahakama iliitumia mwaka 2018 kuwapa wachoraji 21 wa 5Pointz, jengo lililojaa michoro ya ukutani huko New York, dola milioni 6.7 baada ya mwenye jengo kupaka rangi nyeupe juu ya michoro yao bila kuwapa taarifa ya siku 90. Lakini sheria hiyo hiyo inaziacha nje kazi zilizofanywa na mwajiriwa kwa ajili ya mwajiri wake, na wachoraji wengi wa bustani kubwa za burudani ni waajiriwa. Kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 kwa sehemu kubwa inaangalia vitu vya kabla ya mwaka 1863. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa na ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuweki sahihi. Unachora ukuta wa mita kumi, unalipwa, unaondoka, na kwenye ukuta kuna namba ya simu ambayo ulishaacha kuitumia.

Sidai kila picha ibaki mahali pake. Mchezo wa Splash Mountain ulifungwa Disneyland mwaka 2023 kwa sababu ulitokana na filamu ya mwaka 1946 iliyoyapamba maisha ya watu weusi baada ya utumwa, na naona walifanya vema kuuondoa. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na wanyama wa mitambo waliotoka kwenye onyesho la zamani la America Sings, lililofungwa mwaka 1988, walioumbwa kwa michoro ya Marc Davis, mchoraji wa Disney. Na sungura mjanja aliyekuwa kiini cha mchezo ni ndugu wa sungura wetu wa hadithi, aliyevuka bahari pamoja na watu waliouzwa. Mambo haya yote yanastahili kuandikwa na kupigwa picha kabla ya kuvunjwa.

Hapa Mwanza kinachofuta picha siku hizi ni stika za kuprinti. Mwenye kiwanja anapakua katuni kutoka intaneti, duka la kuprinti linamtolea kipande kikubwa, na ukuta unasuguliwa vizuri ili gundi ishike. Nilishawahi kufunua sehemu ya ukuta ulioandaliwa hivyo, na kilichosalia kilikuwa nusu ya kundi la furu, wale samaki wadogo wa ziwani: mwenye ubavu mwekundu, wa bluu, mwenye mistari, kila mmoja na umbo lake la kichwa. Aliyewachora alikuwa anawajua kwa kuwala. Ghuba yetu hii ya Mwanza ndiko watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walikoanza kuwachunguza furu mwaka 1977, na katika miaka ya 1980 sangara alipotawala, aina nyingi mno zilipotea ziwani. Picha ya mtu aliyevua enzi zile ni ushahidi kwa namna yake, na nusu ya ushahidi huo ilikuwa vumbi sakafuni. Nililiona vumbi lenyewe, lilikuwa bado lina rangi.

Mama mwenye kiwanja kimoja aliniambia, "Fundi, wewe paka tu, watoto hawaangalii ukuta, wanaangalia bembea." Nikamjibu, "Sawa mama, ila nipe siku moja kabla vijana hawajaanza kusugua." Akanipa. Siku moja inatosha kwa mengi, ndiyo maana sichoki kuiomba.

Asubuhi, jua likiwa bado chini, piga picha ukuta ukiwa na mwanga wa kando, maana mwanga huo unaonyesha mchoraji alipita na brashi kutoka wapi kwenda wapi. Weka rula kwenye kila picha. Kisha tandaza nailoni angavu juu ya sehemu muhimu, nakili mistari kwa kalamu ya wino mzito, kwa ukubwa wake halisi. Kuikuza picha ya simu baadaye hakukupi kitu hicho. Chukua vipande vidogo vya rangi pale ambapo tayari inabanduka, tia kwenye bahasha, andika vimetoka wapi. Mwisho mtafute aliyechora. Mji wetu si mkubwa kiasi hicho, ulizia Kirumba kwa wapaka mitumbwi na ulizia Makoroboi kwa waandika mabango. Mara nyingi mzee mwenyewe yupo, na atakuambia rangi ilinunuliwa wapi na yule mtoto wa kwenye picha ni mtoto wa nani.

Kama mwenye kiwanja ana fedha kidogo za ziada, mshauri ajenge ukuta wa pili mbele ya ule wa kwanza. Mfano mkubwa wa sanaa ya burudani iliyopona unatokana na kufungika na kufunguka kwake: Luna Luna, bustani ya burudani ya msanii André Heller iliyofunguliwa Hamburg mwaka 1987, yenye bembea ya Keith Haring na gurudumu kubwa lililochorwa na Jean-Michel Basquiat. Ilidumu kiangazi kimoja, ikaishia kwenye makontena 44 kwa miaka mingi, na mwaka 2023 watu wa Los Angeles wakaiona tena kwa sababu kila kipande kiliweza kufunguliwa na kuunganishwa upya. Ukuta wa saruji hauwezi kufunguliwa, lakini wa mbele yake unaweza. Fremu ya mbao, mbao za jipsam au plaiwudi, skrubu badala ya gundi, na nafasi ya vidole vinne kati ya ukuta na fremu. Acha upenyo chini na juu ili hewa ipite, maana unyevu wa ziwani ukifungiwa mle ndani utaleta ukungu juu ya rangi ya mafuta. Stika yoyote ya katuni inashika vizuri kwenye plaiwudi, na fundi hana sababu ya kugusa plasta ya nyuma. Kabla ya kufunga ubao wa mwisho andika kwa ndani jina la mchoraji, mwaka, aina ya rangi na jina la aliyefunika.

Wenzangu wa Bukoba, Musoma na Ukerewe, kama kuna ukuta unaokaribia kukarabatiwa huko mliko, nitumieni picha zake hata za simu. Na mnapoagana na mwenye kiwanja, muulizeni mafundi wa kusugua wanaingia lini.