Chumvi katika maji: Je, Wahindu husema dini zote ni moja?

Svetaketu alirudi kwao akiwa na umri wa miaka 24. Alikuwa amesoma Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu, kwa miaka 12, na kiburi kimemjaa. Baba yake, Uddalaka, akampa donge la chumvi: "Litie majini, uje kesho asubuhi." Kulipokucha akamwambia amrudishie ile chumvi. Kijana akaitafuta asiione, imeyeyuka.

"Onja juu. Yakoje?"
"Yana chumvi."
"Onja katikati."
"Yana chumvi."
"Na chini?"
"Yana chumvi."

Baba akamwambia kwamba asili ya kila kilichopo nayo iko hivyo: huioni, lakini imo humo humo. "Nawe, Svetaketu, ndiwe hiyo."

Kisa hiki kimo katika Chandogya, mojawapo ya Upanishadi kongwe, maandiko ya falsafa yanayohitimisha Veda. Sisi tunaofundisha masomo ya dini huulizwa sana kama Wahindu wanaamini dini zote ni moja. Mimi huanzia hapa, kisha humtaja mtu ambaye wengi hawamtarajii: mwana wa mfalme, Mwislamu.

Dara Shikoh alizaliwa 1615, mwana mkubwa wa Shah Jahan, yule aliyejenga Taj Mahal. Alikuwa mfuasi wa tarika ya Qadiriyya, hiyo hiyo ambayo dhikri zake zinasikika Bagamoyo na Zanzibar. Mwaka 1657, akisaidiwa na mapanditi, wanazuoni wa Kihindu, wa mji wa Banaras, alikamilisha tafsiri ya Kiajemi ya Upanishadi takriban 50. Kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu alichokiita "makutano ya bahari mbili", jina alilolitoa katika Surat al-Kahf. Aliamini hata kwamba "Kitabu kilichohifadhiwa" kinachotajwa katika Kurani ni Upanishadi. Hapo alikwenda mbali mno, na Waislamu wengi hawakukubaliana naye. Alipouawa 1659, kuritadi kulitajwa miongoni mwa makosa yake, ingawa mzizi wa fitina ulikuwa kiti cha enzi, ambacho ndugu yake Aurangzeb alikwishakitwaa.

Tafsiri ile haikufa naye. Mfaransa Anquetil-Duperron aliigeuza Kilatini, ikachapwa 1801 na 1802, na mwanafalsafa Mjerumani Schopenhauer akaiita faraja ya maisha yake. Kwa hiyo mtawa wa Kihindu Vivekananda aliposimama kuhutubia mkutano wa dini za dunia Chicago tarehe 11 Septemba 1893, akilinganisha dini na mito inayoishia bahari moja, mlango wa Magharibi ulikuwa wazi tayari, na aliyeufungua alikuwa Mwislamu.

Nyumbani India mambo yalikuwa mengine. Sheria za kale ziliwakataza watu wa tabaka la chini la Shudra hata kuzisikia Veda. Wanaosifia upana wa mafundisho haya hulipita jambo hilo kimya kimya.

Halafu Wahindu wenyewe hawajaafikiana kuhusu maneno ya Uddalaka. Mwanafalsafa Shankara aliyachukua kama yalivyo: nafsi na Mungu ni kitu kimoja. Madhva, mwanazuoni wa karne ya 13, alikataa katakata. Katika Kisanskriti maneno huungana, hivyo "atmatattvamasi" yaweza kukatwa "atma tat tvam asi", yaani wewe ndiwe hiyo, au "atma atat tvam asi", wewe siye hiyo. Tofauti ni irabu moja tu. Madhva alichagua ya pili, na wafuasi wake, ambao kitovu chao ni mji wa Udupi kusini mwa India, wanaisoma hivyo hadi leo.