Maswali kuhusu misuli, na hili la kuchua mkono uliovimba

Hivi msuli unausogezaje mfupa?

Ubongo unatuma taarifa, inashuka uti wa mgongo, inapita kwenye mshipa wa fahamu mpaka kwenye msuli, ikifika tu zile nyuzi ndogo za ndani zinateleza kupishana na msuli unafupika. Ukifupika unavuta kano, kano imeshika mfupa, mfupa unasogea. Msuli unajua kuvuta tu, kusukuma haujui, ndo maana inafanya kazi kwa jozi: wa mbele ya mkono wa juu unakunja kiwiko, wa nyuma unakinyoosha. Misuli hii ya kusogeza mwili iko zaidi ya 600 na inataka damu muda wote, maana oksijeni na sukari vinakuja na damu. Hilo la damu lishike, tunarudi nalo.

Jana nimeanza mazoezi, leo hata kushuka ngazi siwezi. Nimeumia?

Hapana, ni kawaida. Nyuzi zimechanika kidogo kidogo, siku ya pili na ya tatu ndo inauma zaidi, halafu inaisha yenyewe. Ila ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai kavu nenda hospitali siku hiyohiyo, msuli ukiharibika sana unamwaga vitu vinavyoumiza figo.

Mtoto kaanguka mwembeni, kiwiko kimevimba. Tumkande na maji ya moto tumchue kwanza, kesho ndo twende?

HAPANA. Msimu wa maembe ukifika naletewa watoto wa hivi, wengine wameshachuliwa siku tatu nne, mkono umejaa, ngozi inang'aa, vidole havisogei, alafu mzazi ananiambia "tulidhani ni msuli tu umeshtuka". Jamani.

Iko hivi. Misuli ya kati ya kiwiko na kiganja, na ile ya kati ya goti na kifundo, imefungiwa kwenye vifuko vya utando mgumu ambao hautanuki. Mkono ukivunjika au ukigongwa damu inavujia mle ndani, nafasi hamna, presha ya mle kwenye kifuko inapanda, mishipa midogo ya damu inaminywa na msuli unakosa damu. Masaa kama 6 hivi yakipita kuna sehemu inakufa kabisa, na msuli uliokufa haurudi. Unageuka kovu, unajivuta, vidole vinajikunja na mtoto anabaki hivyo ukubwani. Sasa wewe unaongeza maji ya moto na kusugua, yaani damu izidi kuvuja na uvimbe uzidi. Na kiwiko kikichuliwachuliwa mfupa unaweza kuota ndani ya msuli, kikagoma kukunjika.

Basi tusimchue, mzee wa mifupa amfunge vijiti tu?

Vijiti vikikazwa wakati mkono bado unavimba vinaminya kwa nje, ndani nako kumebanwa. Kama ameshafungwa na analalamika, fungua. Sasa hivi, usisubiri mzee arudi.

Nitajuaje kwamba hali ni mbaya?

Maumivu yamezidi jeraha lenyewe na dawa haisaidii. Ukimnyoosha vidole taratibu anapiga kelele. Sehemu imekaza, ukibonyeza ni ngumu. Kuna ganzi au kuchomachoma. Hizo zinatosha, usisubiri vidole vipauke au viwe vya baridi, hapo umeshachelewa. Na usiniambie "mapigo nayasikia kwenye kiganja", mapigo yanaweza kuwepo vizuri tu huku msuli unakufa.

Ni usiku, tumpe panado tusubiri kukuche?

Hapana tena. Nimesema masaa 6, na usiku una masaa mangapi? Kodi bodaboda, gonga kwa jirani mwenye gari, nenda kituo kinachoweza kupasua, kwa sababu tiba yake ni daktari kuchana ule utando ili presha itoke. Kidonda kitapona. Msuli uliokufa hakuna dawa yake.

Mbona shangazi alichuliwa akapona?

Alikuwa na msuli uliovutika kidogo, ambao ungepona hata bila kuguswa. Kwa macho huwezi kutofautisha huo na mfupa uliovunjika, hata mimi nahitaji eksirei, sasa mchuaji anatofautishaje?

Alishafungwa hogo (ile plasta ngumu ya mfupa) hospitali, sasa analia linambana. Si dokta keshamwona?

Mrudishe. Hogo linafungwa leo, uvimbe unaongezeka kesho, inatokea. Usimwambie avumilie, na mtoto aliyekuwa ametulia akianza kulia upya mwamini. Wakikuambia subiri foleni, sema wazi kwamba vidole vina ganzi na linabana, lazima lipasuliwe lilegezwe.

Kwa hiyo nyumbani nifanye nini kabla ya kufika?

Vua pete, bangili na chochote kinachobana. Tegemeza mkono ulivyo, usiunyooshe wala kuuvuta. Barafu weka ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, dakika 15 au 20. Mtoto asile kitu maana anaweza kuingia chumba cha upasuaji. Na wakati unafanya hayo mwenzako awe tayari nje anatafuta usafiri.