Hofu na maumivu ndivyo vinavyowaachisha watu mazoezi

Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani kurekebisha viungo na misuli, hapa Kampala, na wagonjwa wangu wengi ni watu waliowahi kuanza kukimbia au kuendesha baiskeli kwa ajili ya afya, kisha wakaacha. Wakijieleza husema, "Daktari, ni uvivu tu." Siwakubalii. Nikiwahoji taratibu huibuka mambo mengine kabisa. Goti lilianza kuuma kwenye mteremko wa Muyenga. Bodaboda ilimpitia mtu sentimita chache kutoka kwenye kiwiko. Kijana alimpokonya mwingine simu gizani, na tangu siku hiyo, kila kengele ya alfajiri ikilia, anatafuta sababu ya kubaki kitandani. Mtu aliyeumia au aliyetishika huacha, na ana haki ya kuacha. Ndiyo maana sipendi maneno ya kutiana ari kwa makelele. Ukitaka kudumu, punguza kwanza yanayokuumiza na yanayokutisha.

Nianze na giza, kwa sababu huko ndiko matatizo mengi yanakoanzia. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, na mwaka mzima jua la Kampala huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi. Anayetoka saa kumi na moja ili awahi kazini anakimbia zaidi ya saa nzima bila mwanga. Barabara zetu zinaua: mwaka 2024 polisi walihesabu vifo zaidi ya 5,000 nchi nzima, na baada ya watu wa pikipiki, wanaokufa kwa wingi ni waendao kwa miguu. Ukiweza kuanza saa kumi na mbili na nusu, anza wakati huo, hata kama dakika zako zitakuwa chache. Kama huwezi, vaa kitu kinachorudisha mwanga wa taa za gari, kama zile fulana za waendesha bodaboda. Fulana nyeupe ya kawaida haitoshi, maana dereva aliyechoka huiona akiwa ameshakaribia. Tena usiishie kifuani. Funga mikanda inayong'aa kwenye vifundo vya miguu na magotini. Jicho la binadamu hutambua upesi mno mwendo wa miguu ya mtu, na dereva anayeona vitu viwili vinapanda na kushuka anajua hapohapo kwamba mbele yake yuko mtu, hata kabla hajaona umbo lake.

Kisha upande wa kukimbilia. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo anayekimbia akae kulia, ayaone yanayomjia usoni na awe na nafasi ya kuruka pembeni. Anayeendesha baiskeli hufuata sheria ya gari: kushoto, akielekea yanakoelekea magari. Nimeona watu wakiendesha baiskeli kinyume na magari wakidhani ni salama zaidi kwa kuwa wanayaona. Dereva anayetoka njia ndogo huangalia upande magari yanakotoka, na wewe unamtokea upande wa pili.

Kwa waendesha baiskeli, hatari kubwa ya mjini ni taksi za abiria, yaani zile basi ndogo ambazo wengine huziita matatu au daladala. Zinasimama ghafla upande wa kushoto, na mlango wao wa abiria uko kushoto huohuo. Usijipenyeze kati ya taksi iliyosimama na ukingo wa barabara hata pakiwa na upenyo mzuri, kwa sababu hapo ndipo mama mwenye mtoto na mfuko wa mboga anaposhukia. Subiri nyuma yake, au angalia nyuma yako vizuri kisha upite kulia. Ukipita magari yaliyoegeshwa, acha nafasi ya kama mita moja ili mlango ukifunguliwa usikupige. Na lori likisimama kwenye makutano, kaa nyuma yake, usisogee ubavuni. Dereva wa lori akikata kona kushoto hakuoni hata kidogo.

Helmeti vaa kila safari, hata ya kwenda dukani. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba hupunguza majeraha makubwa ya kichwa kwa zaidi ya nusu, na majeraha ya kichwa ndiyo ambayo sisi tunaorekebisha viungo hatuna uwezo mkubwa wa kuyafuta. Ikae sawasawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wa kidevu upitishe kidole kimoja au viwili tu. Ya mitumba siipendi. Helmeti iliyokwisha pigwa mara moja imemaliza kazi yake hata kama kwa nje haina mkwaruzo, na wewe hujui ilipitia nini.

Njia yenyewe ichague kama unavyochagua mtaa wa kupanga nyumba. Wengi wanaamini lazima waende mbali, na hapo wanaishia kwenye barabara kuu zenye malori. (Ile barabara ya kulipia ya kwenda Entebbe isahau, baiskeli na waendao kwa miguu hawaruhusiwi.) Mimi hushauri mzunguko mfupi wa kilomita moja au mbili ndani ya mitaa ya makazi, urudiwe mara kadhaa. Unajua kila shimo na kila mtaro usio na kifuniko. Ukichoka, nyumbani ni karibu. Na kuna faida ambayo watu hawaifikirii: walinzi wa mageti. Wasalimie. "Habari za asubuhi, afande," kila siku, bila kukosa. Baada ya wiki mbili wanakujua, na siku ukichelewa kupita wanauliza uko wapi. Sijaona kifaa chochote kinachoshinda ulinzi wa watu wanaokufahamu.

Wanawake wanaokuja kwangu wananieleza jambo ambalo wanaume wachache hulitaja: maneno machafu ya njiani, na kufuatwa. Hajati mmoja alikuwa akikimbia vizuri kabisa, akaacha kwa sababu hiyo, si kwa mguu wala kwa pumzi. Aliporudi, alirudi pamoja na majirani zake wawili, na hadi leo wanaendelea. Usimwambie mwanamke wa namna hii ajikaze. Msaidie kupata wenzake. Hapa mjini tuko watu wa Busia, wa Bukoba, wa Goma, wa Mombasa, na wale waliokulia kambi za jeshi na polisi. Kiswahili kinatukutanisha mahali pengi, na kundi la kukimbia linaweza kuanzia hapo. Watu watatu wanatosha.

Hedifoni ziache nyumbani, au weka sikio moja tu na sauti ya chini. Simu ifungwe ndani, isishikwe mkononi. Kama unatumia programu ya simu inayochora njia yako na kuionyesha kwa watu, ficha sehemu unapoanzia, maana kila asubuhi inawaambia wasiokujua unaishi wapi na unatoka saa ngapi. Mfukoni weka karatasi yenye jina lako, namba ya ndugu, na dawa zinazokudhuru kama zipo. Namba za polisi za dharura ni 999 na 112.

Mbwa akikufuata ukiwa kwenye baiskeli, usishindane naye mbio. Shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, urudi nyuma polepole. Akikuuma, hata kidogo, osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha uende kituo cha afya siku hiyohiyo upate chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zake zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Hewa nayo. Shirika la Afya Duniani linataka chembechembe laini kabisa za moshi zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Kampala iko juu ya hapo mara kadhaa. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umesambaza vipimo vya hewa katika mitaa mingi, na kwa simu yako unaweza kuona hali ya eneo lako kabla hujafunga kamba za viatu. Hali huwa mbaya zaidi asubuhi ya foleni na jioni, na miezi ya kiangazi inazidi kwa vumbi na takataka zinazochomwa. Kusogea mita mia mbili tu kutoka barabara kubwa kunapunguza moshi unaovuta. Mwenye pumu asikimbie kabisa kando ya foleni, na dawa yake ya kuvuta awe nayo.

Sasa mwili, ambao ndio kazi yangu ya kila siku.

Nchi hii ina Joshua Cheptegei, aliyeshinda dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Tokyo na ya mita 10,000 Paris mwaka 2024. Ina Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Ina Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni ya London 2012. Watu wanawaona kwenye televisheni wakipaa, kesho yake wanatoka kwa kasi ileile. Wasichokiona ni kwamba wakimbiaji wa kiwango hicho duniani hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao, karibu asilimia 80, kwa mwendo wa pole. Kipimo chake hakihitaji saa ya mkononi: ukikimbia uweze kuongea sentensi nzima na mwenzako. Ukijibu kwa neno moja moja, punguza.

Moyo na mapafu huzoea haraka, ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huchukua miezi. Huo ndio mtego. Wiki ya nne unajisikia una pumzi, unaongeza kilomita, na kano ya kisigino au mfupa wa ugoko haujawa tayari. Anayeanza akimbie dakika moja, atembee mbili, kwa dakika 20, siku tatu kwa wiki, na akae hapo mpaka paonekane rahisi kupita kiasi. Halafu aongeze kidogo. Na vilima vyetu, Naguru, Mbuya, Buziga, vinaumiza zaidi kwenye kushuka kuliko kupanda, kwa sababu misuli ya paja hufanya kazi ya breki huku ikirefuka. Mwezi wa kwanza panda ukikimbia ukitaka, lakini shuka ukitembea. Goti likilalamika, fupisha hatua na uziongeze wingi kidogo kwa dakika. Mzigo kwenye goti hupungua bila kupunguza mwendo.

Kwa baiskeli, magoti mengi ninayoyatibu yanaharibiwa na kiti kilicho chini mno. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Vidole vya mikono vikifa ganzi, umeegemea usukani mno. Na zile baiskeli zenye breki za vyuma vya fito, mvua ikinyesha hazishiki. Anza kubana mapema sana, kabla ya mteremko.

Maumivu ya misuli pande zote mbili yanayoisha baada ya siku mbili ni kawaida. Maumivu ya nukta moja juu ya mfupa, yanayozidi kila ukikimbia na hata kukuamsha usiku, yapelekwe hospitali, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Kubanwa kifua, kuzimia au moyo kwenda ovyo: simama, usimalize mzunguko. Kama umevuka miaka 40 na hujawahi kupima presha na sukari, pima kwanza.

Kuhusu kudumu. Kuna utafiti wa chuo kikuu cha University College London uliochapishwa mwaka 2010 uliofuata watu waliokuwa wakijenga tabia mpya. Wastani wa siku mpaka jambo lifanyike bila kujilazimisha ulikuwa 66, lakini wengine walihitaji 18 na wengine ilikadiriwa wangehitaji 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Nawasomea hayo wagonjwa wangu kwa sababu wengi hudhani wiki tatu zikipita bila hamu, basi hawakuumbiwa mazoezi. Lifunge zoezi kwenye jambo unalolifanya tayari: baada ya swala ya alfajiri, baada ya kuwafikisha watoto shuleni. Jiwekee kiwango cha chini kisichokushinda hata siku mbaya. Dakika kumi zinatosha kuitwa siku ya mazoezi.

Mbio za hadhara zinasaidia pia: za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwezi Aprili, za vilabu vya Rotary za kuchangia matibabu ya saratani mwezi Agosti, MTN Kampala Marathon mwezi Novemba. Ukiwa na tarehe mbele yako unapanga. Lakini jiandikishe kilomita 5 au 10. Kila mwisho wa mwaka napokea watu waliotoka sifuri hadi kilomita 21 kwa sababu ofisi nzima ilinunua fulana.

Mwisho, malaria na mvua. Ngurumo ukiisikia, ingia ndani ya jengo, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ile ya mwisho. Huku kwetu karibu na ziwa radi ni nyingi na mti si kinga. Ukiwa na homa usikimbie "kuitoa kwa jasho", maana maambukizi mengine hushambulia misuli ya moyo. Baada ya malaria maliza dawa, pata angalau siku chache bila homa na chakula kikipita vizuri, kisha tembea wiki nzima kabla ya kukimbia. Ukirudi, anza na nusu ya ulichokuwa unafanya, na mwambie yule mwenzako wa mzunguko kwamba wiki hiyo ninyi wawili mtaenda pole.