Si kila swichi ya kituo cha umeme huweza kukata shoti

Anayepita Ubungo, Dar es Salaam, kwa daladala huona, ng'ambo ya uzio wa kituo cha kupoza umeme, mikono mirefu ya chuma iliyokaa juu ya nguzo za kauri, na wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo inayokata umeme laini inapopata shoti. Sivyo. Hizo ni aisoleta, na kazi yake ni kutenga kifaa ambacho mkondo wake umekwisha kukatwa, ili fundi alione pengo kwa macho yake kabla hajagusa chochote. Aisoleta ya kilovoti 132 ikifunguliwa huku mkondo mkubwa ukipita, umeme hauachi kupita: hewa iliyo katikati hugeuka tao la moto linalorefuka kadiri mikono inavyoachana, nalo laweza kurukia fezi ya jirani na kuzaa hitilafu kubwa kuliko ile ya kwanza.

Mwenye kazi ya kukata shoti ni breka. Lakini hata ndani ya breka tao huwaka, kwa hiyo kuachanisha vyuma peke yake hakutoshi. Katika gridi yetu ya hezi 50 mkondo hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Breka huvizia nukta hiyo, ikipuliza gesi ya SF6, isiyopitisha umeme kwa urahisi, juu ya tao ili lipoe na lisiwake tena msongo wa umeme (volti) unaporudi. Kazi hiyo huchukua takriban milisekunde 40 hadi 60 tangu amri itolewe, na amri hutoka kwenye rilei, yaani kifaa kinachotambua hitilafu, kwa kuwa breka yenyewe haitambui shoti.

Wapo pia wanaosoma "ampea 2,000" kwenye kibati cha breka na kudhani kwamba huo ndio uwezo wake wa kukata. Huo ni mkondo inaoweza kuubeba mchana kutwa. Uwezo wa kukata huandikwa kando, mathalani kiloampea 40. Jambo linalosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni kufunga: breka hiyo ikifungwa juu ya shoti, yapasa istahimili kilele cha kiloampea 100.

Tena uwezo uliotosha jana huenda usitoshe kesho. Kila mtambo unaoongezwa jirani, kama ile ya gesi ya Kinyerezi, huongeza mkondo wa hitilafu, ingawa breka ni ileile. Hivyo wahandisi hupiga hesabu upya, na ikizidi kilichoandikwa kwenye kibati, breka hubadilishwa au basiba, yaani vyuma vinavyounganisha laini za kituo, hugawanywa.