Sindano ya mifupa kwa mgonjwa wa kansa: taya litapata shida?

Mama ana kansa ya matiti imefika kwenye mifupa, kaandikiwa dripu ya zoledronic acid, nasikia inaua mfupa wa taya. Ni kweli?
Inatokea ila sio kwa wengi, kwa wagonjwa wa kansa ni chini ya 5 kati ya 100. Denosumab, sindano nyingine ya mifupa, nayo ni hivyo hivyo. Msiikatae dawa kwa woga, inazuia mifupa kuvunjika na inapunguza maumivu.

Kwa nini taya na sio paja?
Dawa hizi zinazisimamisha seli zinazokula mfupa wa zamani, sasa mfupa wa taya unajikarabati haraka kuliko mingine, fizi iliyoufunika ni nyembamba na mdomo umejaa bakteria, kwa hiyo jino likishang'olewa kidonda kinaweza kugoma kufunga na mfupa ukabaki wazi. Taya la chini ndo huathirika zaidi. Madaktari walianza kuripoti tatizo hili 2003.

Kuna kipimo cha kujua mapema nani atapata?
Hapana, hakuna kipimo kimoja. Kipo cha damu kinaitwa CTX, wengine wanakiuza kama ndo jibu, lakini hakitabiri vizuri na chama cha madaktari wa upasuaji wa kinywa Marekani hakikipendekezi. Watafiti wanajaribu programu za kompyuta zinazojumlisha taarifa za mgonjwa, bado sio kitu cha kutegemea kliniki. Kinachosaidia kweli ni kuuliza: anapata dawa gani, kila baada ya muda gani, ameitumia muda gani (miaka ikizidi hatari inapanda), anatumia steroidi, anavuta sigara, ana kisukari? Halafu mwambie afungue mdomo. Fizi zinazotoa usaha, jino lililooza mpaka mzizi, meno bandia yanayokwaruza, hapo ndo penye hatari kubwa, maana kesi nyingi zinaanzia kwenye jino kung'olewa au maambukizi yaliyoachwa.

Kwa hiyo tufanyeje?
Aende kwa daktari wa meno KABLA ya dripu ya kwanza, hili nalisisitiza sana kwa sababu linasahaulika mno, watu wanakimbizana na vipimo vya kansa meno hayaulizwi kabisa. Apigwe eksirei, jino lisilookoka ling'olewe, na kama hali ya kansa inaruhusu wasubiri wiki 2 au 3 fizi ifunge.

Na kama ameshaanza dawa halafu jino linauma?
Asing'oe kwanza, amwambie daktari wa meno jina la dawa na lini alichomwa mara ya mwisho. Mara nyingi jino linaweza kutibiwa mzizi likabaki. Asijiachishe sindano mwenyewe, hasa denosumab, waongee na daktari wa kansa.

Dalili za kuwahi hospitali?
Pengo lisilofunga, kitu kigumu cheupe au cha njano kinachokwaruza ulimi, usaha, jino kulegea bila sababu, mdomo wa chini au kidevu kufa ganzi. Mfupa ukikaa wazi zaidi ya wiki 8, na taya halijawahi kupigwa mionzi, ndipo daktari anathibitisha kuwa ni tatizo hili, lakini nyie msisubiri hizo wiki 8 ziishe.