Je, wajua kwa nini jaribio la msimbo, yaani la maagizo yanayounda programu ya kompyuta, hutakiwa kushindwa kwanza?

Mnunuzi makini katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, haridhiki kuona mshale wa mizani umesimama kwenye sifuri. Huweka jiwe la kilo moja na kutazama kama mshale unasogea, kwa kuwa hata mizani iliyokwama husimama kwenye sifuri. Jaribio la kitengo, yaani msimbo mfupi unaoita fanksheni moja (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) na kulinganisha jibu lake na jibu linalotarajiwa, nalo linaweza kukwama vivyo hivyo.

Tuchukue programu ya wavuti ya kusajili sangara wanaoshushwa ufukweni. Nchini Tanzania hairuhusiwi kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, hivyo fanksheni moja hupokea urefu na kujibu ndiyo au hapana. Anayejifunza hupenda kuijaribu kwa samaki wa sentimita 70, akaona rangi ya kijani, ishara kwamba jaribio limefaulu, akaridhika mapema mno. Kosa hukaa mpakani: aliyeandika "zaidi ya 50" badala ya "50 au zaidi" humkataa samaki halali, na hilo litaonekana tu kwa jaribio la 50 kamili. Kuna jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Thamani zinazoandikwa kwenye fomu ya wavuti hufika zikiwa maandishi, si namba. Iwapo kiwango cha chini nacho kimehifadhiwa kama maandishi, JavaScript, lugha ya kuandikia programu za wavuti, hulinganisha herufi kwa herufi, ikaona "9" ni kubwa kuliko "50" kwa sababu 9 huja baada ya 5, na kifaranga cha sentimita 9 kikapita.

Jaribio linaweza kuwa kijani bila kupima kitu: mwandishi amesahau mstari wa kulinganisha, au fanksheni huleta jibu baadaye na jaribio limemalizika bila kulisubiri. Ndiyo maana mtaalamu wa programu Kent Beck, aliyeandika JUnit, zana ya kuendesha majaribio ya lugha ya Java, pamoja na Erich Gamma mwaka 1997, alihimiza jaribio liandikwe kabla ya msimbo: liendeshwe, liwe jekundu, yaani lishindwe, ndipo msimbo uandikwe hadi liwe kijani. Wekundu huo usomwe kwa makini, kwani jaribio lililoanguka kwa sababu jina la faili limekosewa halijasema lolote kuhusu sangara.

Kwa msimbo uliokwisha kuandikwa, njia ni kuuharibu kwa makusudi. Badilisha "50 au zaidi" iwe "zaidi ya 50", kisha endesha majaribio yote. Kwa kuwa hayagusi seva wala hifadhidata, kwa kawaida huisha kwa sekunde chache. Yakibaki kijani yote, hakuna jaribio linalolinda mpaka huo: andika la 50 papo hapo, lione likianguka, ndipo urudishe msimbo ulivyokuwa.