MGB ikipanda jeki: magari ya spoti ya zamani mbele ya mkaguzi

Fungua mlango wa dereva wa MGB, gari dogo la spoti la Kiingereza, uufunge taratibu, uangalie mwanya ulioko kati ya mlango na bodi. Kisha piga jeki upande huohuo hadi tairi liachane na ardhi, urudie kuufungua na kuufunga. Mwanya ukibadilika, au mlango ukaanza kukwama ilhali ulifungika vizuri dakika moja iliyopita, gari hilo limekwisha katikati. Rangi yake inaweza kung'aa hadi ukajiona uso, lakini ndani ya kizingiti kilicho chini ya mlango hakuna chuma tena. Kuna kutu, na juu ya kutu kuna puti, ule unga wa kuzibia mashimo kabla ya rangi.

Huwa naanza na jaribio hili ninapofundisha ukaguzi, kwa sababu linaonyesha mara moja kitu kinachoyafelisha magari haya. MGB iliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zilitoka zaidi ya 500,000. Haina chesesi ya kujitegemea; bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ile ya wazi haina hata paa la kuisaidia, kwa hiyo mzigo wote umelalia vile vizingiti viwili. Uingereza wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili zisigande barafu, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa chumvi inavyolifanya bati. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Ukaguzi wa lazima wa Uingereza unaitwa MOT, jina lililobaki kutoka wizara ya uchukuzi ya zamani. Ulianza 1960 kwa magari yaliyofikisha miaka 10. Siku hizi gari binafsi huanza kukaguliwa likitimiza miaka 3. Kutu kwenye ukingo wa bodi pasipobeba kitu haimsumbui mkaguzi, mradi haijaacha ncha kali ya kumkata mtu. Anachotafuta ni kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka pale iliposhikizwa breki, usukani, springi au mkanda wa kiti. Hapo puti na faiba havikubaliki. Ni kukata, kuweka bati jipya na kuchomelea.

Katika mambo mengine mzee huyu hupimwa kwa sheria za ujana wake. Injini ya gari lililoanza kutumika kabla ya Agosti 1975 haipimwi gesi kwa mashine. Mkaguzi hutazama moshi kwa macho tu. Ila breki hazina huruma: kwenye mashine nguvu ya breki ya mguu lazima ifikie asilimia 50 ya uzito wa gari, liwe la 1965 au la 2005.

Na breki ndizo huaibisha wengi, tena si kwa sababu zimetumika sana. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Gari likikaa miezi minane chini ya turubai, unyevu ule huanza kula silinda kwa ndani, pistoni inaganda, na siku ya ukaguzi gurudumu moja linakaba huku mwenzake akizunguka tu. Mipira ya breki nayo huvimba kwa ndani: ukikanyaga, mafuta yanapita, ukiachia, hayarudi. Tairi nalo lina kashata kamili, halina kipara, lakini ubavuni limepasuka kama matope ya kiangazi. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyoandikwa ubavuni hapo; ndiyo tarehe tairi lilipoundwa. 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009.

Kuna na asichoweza kukiona. Mkaguzi wa MOT haruhusiwi kufungua kipande chochote kwa spana. Jaguar E-Type, iliyotoka 1961, breki zake za nyuma haziko kwenye magurudumu. Zimebanwa katikati, ubavuni mwa difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Joto la diski hukausha oili sili za difu, yaani mipira inayozuia oili isitoke, oili inavujia diski zenyewe, na breki ya mkono yenye pedi zake ndogo huganda kwa kutoguswa. Mashine itasema breki ni dhaifu. Kwa nini ni dhaifu, hiyo ni kazi ya fundi atakayelala chini na tochi.

Mwaka 2012 Uingereza iliyasamehe MOT magari yaliyoundwa kabla ya 1960. Serikali ilieleza kwamba kundi hilo lilikuwa asilimia 0.6 ya magari yenye leseni lakini lilihusika katika asilimia 0.03 tu ya ajali, na kwamba theluthi mbili yake haliendeshwi hata maili 500 kwa mwaka, yaani kama kilomita 800. Mei 2018 msamaha ukapanuliwa kwa magari yaliyopita miaka 40 na ambayo hayakubadilishwa sana. MGB zote sasa zimo.

Mimi takwimu ile ya maili 500 ndiyo inayonitia wasiwasi. Gari lisilofika kilomita 800 kwa mwaka ni gari linalolala, na nimeshasema kulala kunafanya nini. Tena msamaha ni wa karatasi tu. Ukikamatwa na gari la hatari barabarani, faini inaweza kufika pauni 2,500, liwe na msamaha au lisiwe nao. Mwenye gari bado anaweza kulipeleka MOT kwa hiari, na ningekuwa na MGB ningelipeleka kila mwaka, nikibadilisha mafuta ya breki kila miaka miwili.

Mazda MX-5 za kwanza, za 1989, hazijafika miaka 40, kwa hiyo bado zinapanga foleni, na nyingi hufelia kizingiti cha nyuma. Chanzo ni majani. Maji ya paa la turubai hushukia vitundu viwili vilivyo nyuma ya mikanda ya viti. Majani yakiziba, maji yanajimwagia ndani ya kizingiti. Chukua kikombe cha maji, mimina taratibu kwenye kila tundu, kisha chungulia chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Yasipotoka, unajua yamebaki wapi.